Pointi Saba

Keko wenzangu huchonga penseli kwa patasi,
hulamba ncha, huvuta mstari mmoja juu ya mninga,
kisha huichomeka sikioni na kuisahau.
Mimi pia, miaka kumi na tisa.
Ila siku hizi mteja hataki kuambiwa "kitakuwa kizuri."
Anataka kukiona kitanda kabla mbao haijakatwa,
kwenye karatasi, na vipimo pembeni,
na penseli yangu kila baada ya mistari mitatu
imeshanenepa kama mtu aliyetoka likizo.

Basi Jumamosi nikaenda Kisutu, kwa Shirinbanu,
duka jembamba kama rula,
feni inazunguka, fukuto halina habari nayo.
Nikasema, nataka ya kubonyeza.
Akauliza, ya kuandika au ya kuchora?
Nikasema, ya kushinda nayo.
Hakucheka. Alishusha kopo la bati,
akazipanga saba juu ya kioo.

Ya kwanza nyepesi kama ahadi ya fundi,
na mimi ni fundi, uzito wake naujua.
Ya pili, klipu ilisema *ka*, ikabaki mkononi mwangu.
"Hiyo imekwisha," akasema, akaitupa, hakunidai.
Ya tatu ilikuwa pointi tatu, uzi wa buibui.
Niliikandamiza kidogo,
lakini mkono wa randa haujui kidogo.
Ikakatika. Tena. Tena.
Ndiyo maana wakaiita risasi, nikawaza:
inalia mara moja, na haipo.

Karatasi ya kujaribia haikuwa tupu.
Nusu ya mji ilishapita pale:
Mwanahawa, Mwanahawa, Mwanahawa,
sahihi ya mtu anayejifunza sahihi,
vizingo vizingo kama waya wa simu za zamani,
1,450 mara 12, jibu hakuna,
na kwenye kona, kwa mwandiko wa kujificha, *nisamehe*.
Nikageuza nyuma nione kama alisamehewa.
Palikuwa na bei za bahasha.

Ya nne siikumbuki.
Ya tano ilikuwa ya chuma, shingo imechanjwa chanjwa,
kidole chenye jasho hakitelezi.
Uzito wake umekaa mbele, karibu na kazi,
kama nyundo iliyotiwa mpini na mtu mwenye akili.
Pointi saba. Ncha inarudi ndani, hilo nililipima mara mbili,
maana kwangu kila kitu huanguka,
na chini ya maranda kuna zege.
Nikachora stuli. Miguu mitatu ikatoka safi,
wa nne ukagoma. Nikabonyeza. Nikabonyeza.
Shirinbanu akainama, miwani puani.
"Umemaliza, au umeishiwa?"
Akachomoa raba, akatumbukiza vijiti vitatu.
"Malizia. Usiniachie kiti cha kuangusha watu."

Elfu ishirini na mbili.
Nilinyamaza, nikihesabu gundi, msasa,
viatu vya shule vya Sikudhani.
Ya sita na ya saba zilikuwa zinaning'oja kwa elfu tatu tatu,
zina rangi za pipi.
Marehemu mama angesema rahisi huvunja upishi;
yeye mwenyewe alinunua rahisi maisha yake yote.
Nikalipa.

Jumapili Sikudhani aliiazima kwa jiometri,
ikarudi raba imeshatafunwa.
Jumatatu Msangi aliigeuza geuza, akauliza,
"Sasa hii unaichongea wapi?"
Nikamwonyesha: unabonyeza hapa.
Akabonyeza mpaka risasi yote ikatoka, ndefu kama sindano,
akashangaa, akanirudishia taratibu
kama mtu aliyevunja kitu cha wageni.

Mteja alikuwa amekaa kwenye ndoo, anasubiri kitanda chake.
Nikatandika karatasi. Nikairudisha risasi ndani.
Na kabla sijajizuia, nilishailamba ncha.
Ladha ya chuma.
Futi sita kwa tano, nikaandika,
kichwani mawimbi mawili, sio matatu,
na mstari wa mwisho ukatoka mwembamba
kama ule wa kwanza.