Inazimika Ikikata Kushoto

Saa ya kilomita iligoma kwenye laki mbili na elfu kumi na moja.
Sikuitengeneza. Chombo kikifika hapo
unakiamkia tu, kamwene, unapita.

Ni Guzi, ya Kiitaliano, ya padre aliyerudi kwao.
Mnada wa misheni: cherehani mbili, kinanda kilichong'oka meno, na hii.
Nikanyoosha mkono. Evodi kaka yangu akashika kichwa:
"Onorata, nunua boksa kama wauguzi wenzako."

Haina cheni. Ina shafti.
Silinda mbili zimetokeza pembeni kama viwiko vya mama
anayejitengea nafasi gulioni,
na Julai, umande ukiwa mweupe juu ya majani ya mahindi,
nasimama kando, naota moto mikono yote miwili
kabla ya kwenda kuchanja watoto wa watu.
Ukiipa mafuta imesimama, inainama kulia kidogo.
Nimeizoea. Kila mtu ana bega lake.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: ikikata kushoto, inazimika.
Kulia, haijambo. Barabara ikinyooka, haijambo.
Kutoka Tosamaganga kushuka Kalenga kona za kushoto ni tisa.
Mara tisa kimya,
mara tisa naachia klachi, mteremko unaiamsha,
na sanduku la chanjo linanigonga mgongoni: twende, twende.

"Plagi," alisema Evodi. Nikabadili.
"Kabureta," alisema fundi wa Ipogolo.
Nikazifungua jikoni juu ya kanga kuukuu,
nikachokonoa jeti kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli,
nikazipuliza hadi masikio yakaziba.
Nikaingiza fila kwenye vali: ya moshi ilibana, nikailegeza.
Kondensa ikaja na basi kutoka Dar,
imefungwa kwenye gazeti lenye matokeo ya mpira ya mwaka juzi.
Platini nikazisugua kwa msasa wa kucha.
Mama Chusi, jirani, hakushika spana:
"Hiyo padre anaiita. Ulaya si iko kushoto?"

Kushoto. Hata yeye alilitaja neno, mimi nikacheka.

Usiku mmoja umeme ulikatika.
Baridi ya kupasua mabeseni; nikaona niiingize jikoni, ilale na kuku.
Taa yake ya mbele naiwasha nione kizingiti,
nageuza usukani kushoto ili ipite mlangoni:
giza.
Na ndani ya giza, chini ya tangi, pale shingo inapogeukia,
cheche. Ya buluu. Ndogo kama jicho la mende.
Nikarudisha usukani, taa ikarudi.
Kushoto: giza, cheche.
Nikafanya hivyo mara sita, saba, kama mtoto na swichi,
kuku wakilalamika.

Waya mwekundu. Ganda limelika upana wa ukucha,
miaka yote ukisuguana na chuma,
ukikigusa kila tulipogeukia upande mmoja tu.
Miezi minne nimeifungua injini yote,
na kidonda kilikuwa shingoni, chini ya kola.

Nikapasua mrija wa dripu, ule uliobaki kliniki,
nikauvalisha waya kama soksi,
nikafunga kwa plasta ya hospitali, kwani ndiyo niliyokuwa nayo.

Asubuhi nikashuka Kalenga.
Kona ya kwanza, ya pili, ya tano: inanguruma.
Ya saba, mkono ulibana klachi wenyewe, kwa mazoea,
ukingoja ule ukimya
ambamo zamani nilikuwa nasikia Ruaha Mdogo ukipita mawe,
na mwanamke fulani asiyeonekana akipasua kuni.
Sikusikia kitu ila Guzi.

Sasa kuna mlio mwingine, nyuma, upande wa shafti,
kama mtu anatafuna mahindi makavu
na hataki kugawa.
Kesho. Leo nina watoto arobaini na wawili.