Swali la Nyongeza

Zamu yangu ni dakika tano, kisha Pirkko hunipokea.
Hivyo ndivyo sisi makarani wa Bunge, Helsinki,
tunavyogawana maneno ya nchi:
mmoja huanza sentensi ya waziri, mwingine huimalizia,
na asubuhi husomeka kana kwamba imetoka kinywa kimoja.

Alhamisi, saa kumi na dakika nane za jioni.
Nje theluji inageuka tope.
Mheshimiwa Aune Härkönen, wa mashariki, anasimama.
Nalijua koti lile. Naijua baridi iliyolichagua.
Mimi pia ni wa Hirvivaara,
lakini karani akikaa kitini hana kwao.

«Ofisi ya mkoa ilifungwa Februari.
Kibali cha kisima, cha daraja, cha uzio wa kulungu,
vyote sasa viko kilomita mia na kumi,
au ndani ya kompyuta.
Bwana Urho Pikkarainen anayo kompyuta. Mtandao hana.
Daraja analo pia. Limepungua mbao mbili.
Je, Waziri ana habari?»

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema waliojua;
leo mbao mbili za Pikkarainen zimeingia bungeni
bila yeye, na bila kujifuta miguu.

Waziri Lindroth anainuka. Jibu lake limepigwa pasi.
«Mheshimiwa Spika, namshukuru mbunge kwa swali zuri.»
(Swali zuri ni lile lililotangulizwa na jibu lake.)
«Huduma hazikuondolewa. Zimesogezwa karibu na mwananchi.»
Nikaandika: karibu.
Vidole havikugoma. Vimefunzwa.

«Upembuzi umefanyika, mchakato unaendelea,
nasi tunalifanyia kazi
kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu.»
Katika mashine yangu maneno hayo yote ni pigo moja.
Niliyafupisha mwaka wangu wa pili kazini,
nikaokoa mkono.

Swali la nyongeza: nusu dakika.
Hakupaza sauti. Hata karatasi hakuishika.

«Ofisi imefungwa, Mheshimiwa Waziri.
Ufunguo uko kwa nani?»

Sasa mtazame akifungua jalada.
Kichupo cha kijani: idara sita zilizounganishwa kuwa moja.
Cha njano: watumishi waliohamishwa, waliostaafu, waliobaki.
Mita za mraba zimo. Gharama ya joto imo, hadi senti.
Msaidizi anamsukumia kikaratasi; anakisoma, anakigeuza,
nyuma hakuna kitu.

Upande wa kushoto wakacheka. Nikaandika: (Kicheko).
Mtu akapiga meza. Nikaandika: (Kelele).
Kanuni zinaniruhusu kicheko na kelele na makofi.
Hazijanipa alama
ya mtu mwenye nchi nzima mkononi
anayetafuta kitu kidogo mfukoni.

«Nitalijibu kwa maandishi.»
Pirkko akanigusa bega.

Ukumbini, kando ya makoti yanayochuruzika,
nikampigia dada yangu Helvi,
aliyefagia ofisi ile miaka kumi na miwili,
akaondoka jioni ya mwisho akiwa amezima taa zote
isipokuwa ile ya choo, iliyokuwa mbovu, haikuzimika.
«Ufunguo?» akasema. «Ninao. Umo kwenye bakuli la vifungo.
Nilingoja waje kuuchukua.
Kwani wameanza kuutafuta?»

Sikujua nimjibu nini.
Mlango wa ukumbi mkubwa ulikuwa hatua tano kutoka nilipo,
na mimi nina jibu la serikali sikioni, lina pumzi, linakohoa,
na miongoni mwa watu wote wa jengo lile
mimi na wafagizi hatuna kifungu cha kusimama.

«Uweke tu,» nikamwambia.

Zamu yangu ikarudi. Nikakaa, nikanyoosha vidole.
Walikuwa wamekwishafika kwenye bei ya dizeli.