Gusa Mara Mbili

Miaka thelathini na moja nilifungua saa za watu
kwenye kijimeza changu cha Langoni,
skurubu ndogo kuliko ufuta,
na vidole hivi havikupata kuangusha moja.
Kisha presha ya macho ikaja taratibu, kutoka pembeni,
kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba
chumba kimoja kimoja, bila kukuaga.

Mwanangu wa Mombasa akaniletea simu ya kioo.
Kioo kitupu! Hakina kidude, hakina nundu.
Nilikipapasa kama samaki aliyeparwa magamba,
nikampigia kadhi usiku wa manane bila kukusudia,
nikakitia kabatini, chini ya mashuka.

Somoe binti Shee alikuja Alhamisi, baada ya alasiri.
Haoni tangu surua ya utotoni.
Alizihesabu ngazi zangu akipanda, akanikaripia:
"Ya tisa imevunjika, na wewe umenyamaza?"
Akaketi. Simu yake ikaanza kusema mbio mbio
kama msoma khitma anayewahi boti.
Sikushika neno. Akacheka.
"Utazoea. Yako tutaiendesha polepole, kama bi harusi."

Buruta kidole. Sikiliza. Usiogope kupotea.
Hapa saa. Hapa ujumbe. Hapa pesa.
Gusa mara mbili kufungua.
Sauti ilikuwa ya mwanamke wa ng'ambo,
aliyeitamka Langoni kama mtalii anayeomba maji,
na mimi, Lali bin Kupi, nikawa "Laili",
nikaitika.

Mengine hayakuhitaji chaji.
"Dawa ya mato na ya masikio, chupa ni sawa?
Moja ivike mpira. Basi.
Ukimimina chai, ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe;
moto ukikubusu, acha.
Na mtu akikukamata mkono kukuvusha bila kukuuliza,
mwambie unakwenda upande mwingine,
hata kama ni uongo."

Wiki ya nne tukafika penye pesa.
Mwaka mzima Twalibu wa dukani alikuwa macho yangu.
Namba ya siri nilimnong'oneza mwenyewe,
naye akinisomea: "Imeingia elfu tatu, babu."
Nikaburuta kidole.
Elfu tatu na mia tano, ikasema ile sauti.
Mwezi wa nyuma: elfu tatu na mia tano.
Na ule wa nyuma yake.
Punda akalia uchochoroni. Nikangoja amalize,
nikarudi juu, nikasikiliza tena.

Somoe alinyamaza nami.
Yeye pia, alisema akivaa viatu,
alikuwa na Twalibu wake. Ndugu wa tumbo moja.
Hatukulizungumza zaidi.
Namba ya siri niliibadilisha usiku ule,
na asubuhi nikanunua mkate kwa Twalibu kama kawaida,
nikaipima chenji kwa ukucha, sarafu moja moja,
mbele yake, bila haraka.
Hakuniita babu siku ile.

Sasa ninapigiwa mimi.
Kuna mshonaji wa Faza, hupiga usiku
maana mchana anaona haya mbele ya wakwe:
"Imenyamaza, Mzee Lali. Imekataa kusema kabisa."
Namuuliza alichoniuliza Somoe: ulikuwa unafanya nini?
Alikuwa anaifuta unga kwa kanga.
Basi umeigusa kwa vidole vitatu. Iguse tena hivyo hivyo.
Kimya. Kisha, huko kisiwani kwake,
namsikia yule mtalii wetu akiamka,
na mama wa watu akishusha pumzi.

Jana, kwenye foleni ya hospitali,
nilikuwa nimekitia giza kioo ili nisile chaji,
simu sikioni, nasikiliza barua ya mwanangu.
Kijana akaniinamia kwa huruma:
"Mzee, simu yako imezima."
Haikuzima, mwanangu, nikamwambia.
Imefumba mato tu.
Nikaendelea kusoma.