Mlango Unaokwama Masika

Misumari nchi tatu, kilo moja,
ndiyo niliyotumwa kununua Mikindani.
Duka limefungwa, mwenyewe kaenda msibani Naliendele.
Basi nikaanza kutembea, mfuko wa kazi begani,
kama mtu aliyekuja kuununua mji.

Useremala nimejifunzia Mtwara,
na milango ninayoitengeneza unaijua:
paneli sita, vanishi, kitasa cha Kichina,
siku mbili huu, siku mbili ndugu yake.
Sioni haya. Watu wanalala salama nyuma yake.

Lakini uchochoro wa kwanza tu, shingo ikaanza kuniuma.
Roshani ile juu, mbao zimetobolewa tobotobo
mpaka jua likipita linamwagika ukutani vipande vipande.
Chokaa imebanduka, matumbawe yako wazi,
na ndani ya jiwe, nilipoinama, nyota ndogo ndogo:
nyumba za wadudu wa baharini,
zilizojengwa kabla mwashi hajazaliwa.

Mbuzi kalala kwenye baraza ya tajiri wa zamani,
anacheua, hajali nani alikuwa nani.
Mpapai umeota sebuleni,
hakuna paa la kuugonga kichwa.
Katika ukuta uliobaki nilihesabu vidaka kumi na viwili.
Katika kimoja mtu kaacha mswaki.

Halafu ule mlango.

Mnyororo umechongwa kuzunguka miimo, pete ndani ya pete.
Nikaufuata kwa kidole kutoka chini kushoto,
nikapanda, nikavuka juu ya mayungiyungi, nikashuka kulia,
na pete ya tisa kutoka mwisho haina tundu.
Imechorwa tu. Patasi haikuingia.

Nikasimama. Najua mkono unavyosita:
njaa, au homa, au mwenye nyumba kasema njoo kesho.
Au fundi hakuwa mtu huru,
na kesho yake haikuwa yake.

Mlango ukafunguka nusu, ukakwama.
Likatoka bega, likatoka beseni, akatoka mama mzima.
"Unamtafuta nani?"
"Naangalia mlango, mama."
"Juzi Mzungu kaangalia, kapiga picha, kaondoka. Na wewe unaangalia.
Mimi Somoe nimepanga tu. Chumba kimoja, choo cha wote.
Masika huu mlango unavimba, nausukuma kama ng'ombe.
Umebeba nini humo?"
Mpini wa randa ulikuwa umechungulia.

Nikakataa. Nikasema ni mali ya kale,
nikasema sheria, nikakaribia kusema dhambi.
Akanitazama.
"Ni ya kale, lakini mimi naishi leo,
na ndoo mbili za maji kila alfajiri."

Vijana wawili wa bodaboda wakaja kusaidia kuunyanyua.
Ulikuwa mzito kama deni.
Tukaulaza barazani, mbuzi akahama kwa hasira.
Sikugusa ua hata moja. Ukingo wa chini tu,
pasipoonwa na mtu, unene wa kucha.
Randa ikapita,
na maranda yakajikunja: nje meusi kwa moshi na mvua,
ndani rangi ya asali, mabichi,
yananuka mafuta, na ngozi, na kitu kama pilipili manga,
kana kwamba fundi ametoka sasa hivi kunywa maji.

Vijana wakanyamaza. Mmoja akaokota randa moja,
akalinusa, akalirudisha chini taratibu.

Somoe akafungua, akafunga, akafungua.
"Haulalamiki tena," akasema,
akanipa mihogo miwili ya kuchoma, na chumvi kwenye karatasi.

Huko juu, kwenye nyumba mpya, mwalimu aliniuliza misumari iko wapi.
Nikamwambia duka limefungwa.
Akaniuliza mbona nimechelewa hivyo, kwa duka lililofungwa.
Nilikuwa nimeushika mlango wake, paneli sita, laini kabisa,
na kidole changu kilikuwa kinatembea juu yake
kinatafuta mahali pa kukwama.