Hodi Nne

Baba anaishi chini, mama juu,
na kati yao ngazi kumi na saba za mwaloni
ambazo tangu Pasaka hazijasikia kiatu
isipokuwa kucha za paka.

Nyumba haiuziki. Nani hapa Plovdiv
atanunua nusu ya ugomvi?
Printa ni ya mama. Asali ni ya baba.
Soko ni Jumamosi, na mitungi mia mbili
imepangwa ukumbini uchi, haina lebo.
Ndiyo maana nimepanda basi kutoka Ruse
na bisibisi mfukoni, kama daktari wa mifugo.

"Haionekani," anasema baba.
"Iko hapa, inawaka," mama anaiambia sakafu.

Nikaanza na kinachoanza kila kitu:
nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha.
Kijani, kijani, chungwa.
Hamna.

Nikakaa kwenye mashine ya baba
nikaipigia hodi mashine ya mama.
Hodi.
Hodi.
Hodi.
Hodi.
Kioo kikajibu bila haya:
zimetumwa nne, zimepokewa sifuri.
Hata sauti ya kusema wenyewe hawapo, hakuna.

Nikapanda.
Ya mama imeambiwa mtandao huu ni wa umma,
kana kwamba amekaa kituo cha treni,
mkoba mapajani,
na kila anayepita ana kidole chepesi.
"Nani kaweka hivi?"
"Mimi. Iliniuliza kama nawaamini waliomo."

Nikashuka.
Ya baba imeacha milango yote wazi:
folda ya nyuki, folda ya kodi, folda ya harusi,
vyote vimeanikwa juani bila nywila
kwa mtu asiyejua kama vipo.
Na kundi lake linaitwa NYUMBANI.
La mama linaitwa NYUMBANI2.
Sikuuliza hiyo mbili ilizaliwa mwezi gani.

Kwetu mtu akitikisa kichwa kushoto kulia, amekubali;
akikiinua juu, amekataa.
Mgeni huagiza supu akaletewa bili.
Mashine mbili za chapa moja, duka moja, mwaka mmoja,
nazo zilikuwa zikitazamana hivyohivyo.

Nikabadili jina. Nikaitoa ya mama kituoni, nikairudisha nyumbani.
Nikatoboa ngome yake tundu moja tu, la printa
(zaidi ya hapo hakuniruhusu).
Nikashuka, nikapanda, nikashuka.
Magoti yangu yalipata anwani za kila ngazi.

Hodi. Ikaitika, kwa milisekunde mbili.
Lakini sasa inadai jina la mwenyeji na nywila.
"Mama! Nywila?"
Kimya. Paka akahamia ngazi ya tisa.
"Ni tarehe," akasema. "Ileile."
Baba akaivuta kibodi, akabofya tarakimu nane
kwa kidole kimoja. Hakuuliza tarehe ipi.

Basi juu kukaanza mngurumo.
Foleni nzima tangu Aprili ikashuka kwa mkupuo:
bili ya gesi, bili ya gesi, bili ya gesi,
fomu ya chama cha wafuga nyuki,
halafu ukurasa mmoja, nakala kumi na moja,
herufi kubwa katikati:
RUMYANA, TAFADHALI WASHA PRINTA.

Nilimwona mama akiusoma mmoja, kisha wa pili,
kana kwamba huenda wa saba ungesema jingine.
Akatikisa kichwa.

Lebo zilitoka zambarau, wino wa njano umekwisha.
Asali ya mlinde, rangi ya jeraha. Iliuzwa yote.

Jumatatu ruta ikaipa printa anwani mpya,
wakapoteana tena. Kosa langu: sikuifunga anwani.
Nikapiga simu kumwelekeza baba, hatua kwa hatua.
"Subiri," akasema, "mama yako yuko hapa chini, ameleta kebo."
Nikasikia kitu kizito kikiburutwa.
"Ni fupi," akasema. "Tunasogeza meza."