Spana Namba Kumi

Saa kumi na moja alfajiri, Gyumri,
theluji imepanda hadi kwenye vitasa vya milango,
na Niva yetu ya kijani, ya mwaka niliooa,
imesema: ka.
Haikunguruma, haikukohoa. Ka,
kama mtu anayejifungia chumbani.

Nazeni yuko kiti cha nyuma, begi mapajani,
penseli tatu amezichonga usiku kucha
mpaka zimebaki vipande vya kidole.
Mtihani ni saa nne, Yerevan.
Mwendo ni saa mbili, barabara ikitaka.

Nageuza tena ufunguo. Ka.
Taa za dashibodi zinafifia.
Basi ni betri, najua. Au nadhani najua,
maana mwenye baridi hukumbatia jibu la kwanza
kama kikombe cha chai.

Nafungua boneti. Namwagia maji ya moto vichwa vya betri,
kutu nyeupe inatoka povu,
nasugua kwa mswaki wa zamani.
Ka.
Nagonga stata kwa nyundo, polepole,
unavyomwamsha mgeni.
Ka.

Siranush, mke wangu, amesimama dirishani.
Hasemi kitu. Kidole chake tu kinaelekea
ng'ambo ya barabara, nyumba yenye bomba la moshi lililopinda.
Humo anaishi kaka yangu, Hrachik.
Miaka sita.
Miaka sita tunanunua mkate duka moja,
mmoja akiingia, mwingine anakumbuka
kuna kitu amesahau nyumbani.

Tuligombana siku ya arobaini ya baba.
Si shamba, si nyumba: sanduku la spana.
Anayecheka na acheke.
Hakuiona mikono ya baba ikizama humo
na kutoka na kile hasa ilichokifuata, bila kutazama.

Sikumtuma Nazeni. Alifungua mlango mwenyewe akaenda.
Nyayo zake zilivuka theluji peke yake
zikarudi na nyingine kando, kubwa, za haraka.

Hrachik alikuja na koti juu ya nguo za kulalia,
waya za kuchajia shingoni.
Mimi hakunisalimu. Alilisalimu gari,
makofi mawili kwenye madigadi.
"Washa."
Ka.
"Acha."
Ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu arobaini,
na yote mawili amri.

Akaleta gari lake, pua kwa pua.
Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi.
Tukangoja dakika kumi, macho kwenye injini,
kwa kuwa injini haina uso.
"Washa."
Ka.

Hapo akalala chali thelujini, mtu wa miaka hamsini na nane,
akatia mkono hadi begani katika giza la chuma.
"Taa."
Nikamulika.
"Waya wa ethi. Umeachia bodi.
Umeme unatoka vizuri tu,
haupati njia ya kurudi."
Kisha akanyamaza, kama mtu
aliyejisikia akisema.

"Namba kumi."
Sina namba kumi. Anajua sina.
Akajipapasa koti, akaitoa mfukoni:
ile ile, yenye utepe mwekundu wa baba kwenye mpini.
Nani huja na namba kumi
akiitwa kuchaji betri?

Akakaza, mizunguko minne.
"Washa."
Na Niva ikashika, ikatetemeka yote,
ikatema moshi juu ya viatu vyetu.

Siranush akatoka na kahawa.
Hrachik akasema hanywi, atachelewa.
Atachelewa wapi, na suruali ya kulalia, hakusema.

Kwenye mteremko wa kwanza Nazeni akasikia
kitu kinagongagonga mbele.
Nikasimama, injini nikaiacha ikiwaka.
Spana ilikuwa juu ya betri, ina joto.
"Nini, baba?"
"Namba kumi."

Hrachik hajapata kusahau chombo maisha yake.
Nikaitia mfukoni.
Jioni itabidi niirudishe.