Dakika Ishirini na Mbili

Glenys Bebb hakukichukia kishikwambi.
Alikipenda hata, kama mtu anavyompenda shemeji
ambaye hajawahi kumkopesha pesa.
"Kibandike dirishani," alisema, "lakini kwanza nichoree mstari,"
akanisukumia penseli, rula, na ramani ya karatasi
iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa mito isiyokuwepo.

Nikachora. Sleap hadi Shobdon, kusini, maili thelathini na tano,
alama kila baada ya dakika sita.
Nilichora kama mtoto anavyokula mchicha
macho yake yakiwa kwenye nyama.
Nyama ilikuwa kile kioo: mstari wa zambarau,
kindege cheusi kisichokosea,
na mimi ndani yake, nimeshahesabiwa,
nimeshafika.

Jipiesi ya akiba, ile ya manjano ya kuazima,
niliitia mkobani. Mkoba nikautupa nyuma ya kiti.

Julai. Shrewsbury chini, mto Severn umeuzunguka mji
kama mkanda uliokosa tundu.
Nikalinganisha mto wa kioo na mto wa maji
nikaona, Mungu anisamehe, wa kioo ndio halisi.

Kisha jua likahamia upande wangu,
likakikalia kishikwambi kama mgeni asiyejua kuaga.
Picha ya kipimajoto. Maneno ya adabu:
kifaa kinahitaji kupoa.
Halafu weusi, na ndani ya weusi
uso wangu, miwani, mdomo wazi.

Wahenga waliosema kupotea njia ndiko kujua njia
hawakuwa na mafuta ya saa mbili tu,
wala mkoba ulio inchi nne kupita ncha za vidole.
Nilijinyoosha. Bawa la kushoto likalala. Nikaacha.

Nikatazama nje.
Kumbe kulikuwa na nje.
Long Mynd, mgongo wa mlima uliovaa maua ya porini,
na juu yake ndege nyeupe isiyo na injini
ikijizungusha taratibu, bila haraka na mtu,
karibu kiasi cha kuiona kofia ya rubani wake.
Hakuwamo kwenye kioo, hata kioo kilipokuwa hai.
Nilimpungia mkono. Sijui kama aliniona.

Reli, basi. Nikaishika reli kwa macho
kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi gizani.
Penye Craven Arms reli inapasuka mbili
nami nikafuata ya kulia, kwa ujasiri wa ajabu,
dakika nne nzima kuelekea Wales,
mpaka dira, kile kibuyu kidogo kinachoelea,
iliponiambia kwa sauti ya Glenys: "Huko magharibi kuna nini, mpenzi?"

Nikazunguka mara mbili juu ya kijiji nisichokijua.
Mtu alikuwa anaanika mashuka. Akaacha. Akaangalia juu.
Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha redio,
kuuliza si ujinga, nilikuwa najiambia, kuuliza si,
ndipo mbali mashariki ngome ya Ludlow
ikajitokeza, jino moja la kijivu katika ufizi wa kijani,
palepale penseli iliposema itakuwa.

Shobdon. Magurudumu yaligonga, yakaruka, yakagonga.
Nilikunywa chai iliyochacha kwa sukari
huku kishikwambi kikipoa kivulini chini ya bawa.
Kilipoamka kilinionyesha safari yangu:
imekatika juu ya Church Stretton,
imeanza tena kwenye njia ya kutulia,
na katikati, bila haya, kimeunga ncha kwa ncha,
mstari mnyoofu, safi,
wa mtu ambaye hakuwahi kusita.

Simu ya Glenys ililia. Nikaiacha ilie kidogo.
Nilikuwa nimeitandaza karatasi juu ya bawa la joto,
nachora reli ya kulia, mizunguko miwili,
na nukta nyeupe, niliyolazimika kuiacha tupu,
ya mashuka.